Joka la Kunlun na joka la Ufunuo

Februari 2024 niliandika habari fupi kuhusu sherehe za mwaka mpya wa Kichina. Aya nne tu. Mwaka ule, ulioanza tarehe 10 ya mwezi huo, kwa kalenda yao ulikuwa mwaka wa joka, nami nikaandika hivyo hivyo: mwaka wa joka. Mwenzangu mmoja pale chumba cha habari akasoma kupitia begani kwangu, akauliza, "Ndugu yangu, joka? Huyu si yule wa Ufunuo?" Tukacheka. Kesho yake nafungua gazeti nakuta joka limeondolewa. Mahali pake pameandikwa "mnyama wa hadithi". Mnyama gani, wa hadithi gani, msomaji atajijua mwenyewe.

Sikugomba. Aya nne hazigombewi. Lakini jambo lile limenikaa kichwani mpaka leo, na leo nimeamua kulitoa, maana naona haliwahusu Wachina peke yao.

Tuanze na mlima. Kunlun ni milima ya kweli. Ipo magharibi ya China, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Tibet upande wa kaskazini, safu yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,000. Reli iendayo Lhasa, iliyofunguliwa mwaka 2006, inaikata safu hiyo. Lakini kabla ya reli na kabla ya ramani kulikuwa na Kunlun nyingine, ile ya masimulizi. Kuna kitabu cha kale kiitwacho Shan Hai Jing, kitabu cha milima na bahari, ambacho sehemu zake zina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Humo Kunlun ni makao ya Mungu Mkuu hapa duniani. Langoni yupo mlinzi mwenye vichwa tisa. Mlima umezungukwa na mto wa maji dhaifu, maji ambayo hata unyoya ukidondokea unazama. Ni huko huko anakotajwa Malkia Mama wa Magharibi, ambaye masimulizi ya baadaye yakampa bustani ya mapichi. Ukila pichi moja, kifo umekiaga.

Na majoka? Wataalamu wa feng shui, elimu yao ya kupanga nyumba na makaburi kwa kufuata umbo la ardhi, wanasema Kunlun ndiyo babu wa milima yote ya China. Safu zinazoteremka kutoka hapo wanaziita mishipa ya joka. Kwao ukiangalia milima imefuatana kwa mbali, unaangalia mwili wa joka lililolala.

Sasa hili joka linafanya kazi gani? Linaleta mvua. Hapo ndipo hadithi nzima inapobadilika. Wachina wanasimulia juu ya Wafalme wa Majoka wanne, mmoja kwa kila bahari, na chini yao wadogo wa mito, maziwa na visima. Walijengewa mahekalu, mkulima akaenda kuomba. Ukame ukizidi, vijiji vingine vilikuwa na desturi moja nzuri sana: wanaitoa sanamu ya Mfalme wa Majoka hekaluni, wanaiweka juani, ili naye aonje joto wanaloonja wao! Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Lakini fikiri kidogo. Watu wanamwanika mungu wao kwa sababu wanamdai. Shetani huwezi kumfanyia hivyo. Shetani humwombi mvua, na hukuwekeana naye ahadi yoyote ya kumdai.

Kuna kisa kingine kwenye riwaya yao maarufu ya karne ya 16, Safari ya Kwenda Magharibi. Mfalme wa Majoka wa mto Jing anabishana na mpiga ramli aliyetabiri mvua ya kesho, saa yake na kiasi chake. Wanawekeana dau. Mara inashuka amri kutoka mbinguni: mvua inyeshe, saa ile ile, kiasi kile kile. Joka, kwa uchu wa kushinda, linachelewesha mvua na kupunguza kiasi. Dau likashinda, lakini likahukumiwa kukatwa kichwa, na likakatwa. Kwa hiyo hapa joka ni ofisa wa serikali ya mbinguni, mwenye bosi na ratiba, na akichezea ratiba anawajibishwa. Yeyote aliyewahi kukesha na ndoo akisubiri mgao wa maji Dar es Salaam atamwelewa ofisa wa namna hii. Sehemu ya kuwajibishwa ndiyo ngeni kwetu kidogo.

Sasa tazama Kunlun hiyo hiyo ilivyofika Marekani. Mwaka 1974 Roy Thomas na mchoraji Gil Kane walianzisha katika vitabu vya katuni vya Marvel shujaa aitwaye Iron Fist. Walichukua jina la mlima wakalifanya mji uliofichika, K'un-L'un, unaoonekana duniani mara moja kila baada ya miaka kumi. Anafika huko mtoto wa Kimarekani, Danny Rand, mwana wa tajiri, yatima. Anafundishwa kupigana. Mtihani wa mwisho ni kumshinda joka Shou-Lao na kutumbukiza ngumi katika moyo wake, ndipo anapata nguvu, halafu anarudi zake New York. Mwaka 2017 hadithi hiyo ikawa tamthilia ya Netflix, na wengi wakalalamika jinsi kijana mweupe anavyokuwa bingwa wa mambo ya watu wa Asia.

Lalamiko hilo nalielewa, lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni joka. Nyumbani kwake joka lilikuwa linaombwa na kudaiwa mvua, tena linaadhibiwa likizembea. Lilipovuka bahari likawa ngazi ya kupandia. Sidhani kama waandishi wale walikuwa na nia mbaya. Walisimulia hadithi waliyoirithi, ile ya Mtakatifu George na wenzake, ambamo joka limewekwa pale ili shujaa apate mahali pa kuchomeka mkuki. Wakaona neno linafanana, wakadhani mnyama ni yule yule.

Wachina wenyewe wameliona tatizo. Mwaka 2006 kulizuka mjadala mkali kwao kama joka lifae bado kuwa nembo ya taifa, kwa kuwa huko Magharibi linaonekana la ukatili. Katika mwaka wa joka wa 2024 baadhi ya vyombo vyao vya habari vinavyoandika kwa Kiingereza viliamua kutumia neno lao wenyewe, "loong", badala ya lile la Kiingereza. Agosti mwaka huo huo ukatoka mchezo wa kompyuta uitwao Black Myth: Wukong, uliotengenezwa na kampuni ya Kichina ya Game Science kutokana na ile ile Safari ya Kwenda Magharibi. Waliuza nakala milioni 10 kwa siku tatu. Humo nako majoka yanaitwa loong, hata kwa mchezaji wa Kiingereza. Na Marvel ile ile, katika filamu ya Shang-Chi ya mwaka 2021, ilileta kijiji cha Ta Lo ambako joka linaishi ziwani na jina lake ni Mlinzi Mkuu. Shujaa safari hii halichomi joka. Analipanda mgongoni na wanapigana upande mmoja. Imechukua miaka 47, lakini wamesogea.

Sisi je?

Sisi tuna neno "joka". Wapo watakaosema na sisi tuazime "loong", yaishe. Mimi sikubaliani. Neno letu halina kosa. Joka ni nyoka mkubwa, basi, kama vile jitu ni mtu mkubwa. Methali inasema joka la mdimu hulinda watundao. Si sifa nzuri, ni kijembe kwa mwenye choyo, lakini angalia kazi aliyopewa huyo joka: kulinda. Tena tuna joka la kibisa, kubwa la kutisha kumbe halina madhara. Wazee waliosema hivi hawakuwa wanamzungumzia Ibilisi.

Ibilisi aliingia kwenye neno hili pale Biblia ilipotafsiriwa. Yohana alipoona maono yake aliandika neno la Kigiriki, watafsiri wakatafuta neno la Kiswahili, wakalikuta joka limekaa kwa amani, wakalichukua. Hawakukosea. Walihitaji mnyama mkubwa wa kutisha mwenye asili ya nyoka, na joka ndilo lenyewe. Kosa ni letu sisi tulioamua kwamba tangu siku hiyo kila joka duniani ni lile moja, lenye vichwa saba na pembe kumi. Mimi nimelelewa kanisani na Ufunuo naujua. Sura ya 12 inalitaja joka moja, na inaeleza waziwazi ni nani. Haikusema kitu kuhusu mvua ya mto Jing.

Na hapa ndipo ninaposema jambo hili haliwahusu Wachina peke yao. Nyanza, Kenya, upande wa Nyakach, Waluo wanamjua chatu aitwaye Omieri. Wengi wa huko waliamini kwamba akija, mvua na mavuno vinakuja naye. Mwaka 1987 chatu mmoja aliyepewa jina hilo alijeruhiwa na moto, na ikawa habari ya nchi nzima: matibabu, ubishi, na mwishowe kifo chake. Mwaka 2003 akaonekana chatu mwingine, akaitwa Omieri, na watu wakamiminika kwenda kumwona.

Nyoka mkubwa. Maji. Mvua. Heshima. Hakuna Mchina aliyewafundisha watu wa Nyakach mambo haya, na hakuna Mluo aliyepeleka barua Kunlun. Mkulima ni mkulima, akiangalia juu anatafuta wingu, akiangalia chini anaona nyoka akitoka mvua inapokaribia, anaunganisha. Sasa niambieni ukweli: mkisikia habari ya Omieri, neno la kwanza linalowajia ni lipi? Mimi nakiri langu lilikuwa "ushirikina". Nilikuwa sijauliza hata swali la pili. Mfalme wa Majoka wa Kichina nilimsoma kwa hamu, nikamwita utamaduni. Chatu wa jirani nikamhukumu ndani ya sekunde moja. Aibu hiyo ni yangu, lakini nadhani sina peke yangu.

Kuna atakayeniambia, "Wewe mwandishi unataka tuabudu nyoka?" Hapana. Siombi mtu abadili imani yake. Unaweza kuamini kwamba Mungu ni mmoja na bado ukamweleza jirani yako kwa usahihi. Kumwita mungu wa mwenzako shetani kabla hujamsikiliza si imani, ni uvivu. Na kwa mtu wa kazi yangu uvivu huo ni kosa la kikazi. Nimeajiriwa kueleza vitu vilivyo, na "mnyama wa hadithi" si maelezo.

Wala sitaki mnielewe kwamba joka la Kichina ni malaika. Hata kidogo. Kwa karne nyingi lilikuwa nembo ya wafalme, na joka la kucha tano lilikuwa lao, si la kila mtu kulishona kwenye nguo yake. Wakubwa wa kila nchi wanajua kuchukua kitu cha wakulima wakakifanya chao. Lakini hata hilo huwezi kulijadili kama umeshafuta neno gazetini.

Mwaka 2011 TBC ilituonyesha tamthilia ya Kichina kwa Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Watu waliipenda. Tuliwaelewa wale mama wakwe moja kwa moja, hakuna aliyesema waitwe "wanawake wa hadithi". Kama mama wakwe wa Beijing tuliwapokea, majoka yao yatushinde?

Ninachopendekeza ni kidogo. Joka liitwe joka. Mwandishi akiona msomaji atachanganya, aongeze sentensi moja: huyu ni mungu wa mvua wa Wachina, si yule wa Ufunuo. Sentensi moja haijazi gazeti. Na mkienda vibandani kuangalia filamu, mtafsiri akipaza sauti kwamba joka hili ni shetani, mwulizeni: linafanya nini kwenye hadithi? Linachoma miji au linaleta maji? Jibu liko pale pale kwenye skrini.

Mwaka wa joka hurudi kila baada ya miaka 12. Ujao ni 2036. Nikiwa hai na bado naandika, nitaandika tena aya zangu nne, na safari hii nitagomba.

Nyie mnaonaje? Huko kwenu kuna nyoka wa mvua? Anaitwaje, na nani wa kwanza alikwambia ni shetani?