Siri ya Watu 18,000 ni Siri Gani Hiyo?

Agosti 2024 kuna mwandishi mmoja wa Marekani alizua gumzo balaa. Alikuwa amealikwa kujaribu Deadlock, gemu la Valve ambalo wakati huo hata lilikuwa halijatangazwa. Kwenye skrini kikatokea kijisanduku: usimwambie mtu chochote kuhusu gemu hili. Jamaa hakubonyeza OK. Akabonyeza Escape, kikapotea, akaandika makala yake na picha juu! Baadaye akajikuta amefungiwa mechi.

Wengi walimcheka, ila mimi naona alikuwa na hoja. Hakusaini mkataba wowote. Halafu waliokuwa wanacheza kwa wakati mmoja walishapita 18,000, maana aliyealikwa naye anaalika washkaji zake. Hata grupu la familia la WhatsApp halitunzi siri hivyo. Na haikupita muda kampuni yenyewe ikaruhusu watu waliongelee.

Sasa wewe unayejaza fomu za kujaribu magemu, usijifananishe naye. Ukishasaini mkataba wa usiri umesaini, hata kama uliruka kurasa zote. Kumtumia mshkaji skrinishoti moja na kumwambia "usimwonyeshe mtu" ndiyo kuvujisha kwenyewe. Kuna studio zinaficha alama ndani ya picha, kwa hiyo hata ukikata jina lako pembeni wanakupata.

Lakini na wao wabanwe. Unamtumia mtu anakutafutia makosa ya gemu, mara nyingi bure kabisa, halafu humwambii usiri unaisha lini? Mpe karatasi inayoeleweka, sio kijisanduku.

Nyie mnaonaje, jamaa alionewa?