Mlingoti Uani, Sauti Siku ya Mafuriko



Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na makazi. Watu walikuwa hawajapumua, tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikaupiga mwambao, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika katika eneo la Somanga. Tujiulize basi: siku kama hizo, familia yenye mgonjwa huko Salale au Mbwera, ambako chombo cha usafiri ni mashua, imwite nani?

Simu ya mkononi ni neema. Lakini mnara wake ukikosa umeme, simu hugeuka tochi. Ndiyo maana leo tunazungumzia redio ya ridhaa, yaani redio ya upepo anayoimiliki mtu binafsi kwa kujifunza na kwa kuwasaidia wenzake, bila biashara. Chombo chenyewe hutosheka na betri ya gari. Jambo kubwa ni waya ulioko juu, na mlingoti unaoushikilia.

Delta si ngeni kwa mambo haya. Mwaka 1915, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha ndani ya mikoko, ndege za Waingereza zilizoruka kutoka Mafia ziliwaeleza wapiga mizinga kwa redio mahali zilipoangukia risasi zao. Tarehe 11 Julai manowari hiyo ikaangamizwa. Chombo kilichotumika kuua siku ile, leo chaweza kuokoa.

Jambo la kwanza ni kibali. Hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na alama za mwito za nchi yetu huanza na 5H. Usirushe neno hewani kabla hujakipata.

La pili ni kipimo. Chukua 143 ugawanye kwa masafa unayotaka, kwa megahezi. Jibu ni urefu wa waya kwa mita. Kwa megahezi 7.1 utapata kama mita 20. Kata waya wa shaba katikati, kila upande ubaki na mita 10, na hapo katikati ndipo kebo ya redio iungwe. Kata kwa kuzidisha kidogo, kwani kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Ncha zote mbili zifungwe kwenye vipande vya plastiki ngumu, ili umeme wa redio usipotelee kwenye kamba.

Wengi hudhani mlingoti usipofika mawinguni hauna kazi. Sivyo. Kwa masafa hayo, waya ulio mita 8 au 10 juu hurusha mawimbi karibu wima, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini katika eneo la mamia ya kilomita. Msitu wa mikoko hauyazuii. Kwa hiyo mtu wa Nyamisati aweza kusikika Dar es Salaam mchana, bila mnara wowote kati yao.

Mwenye minazi miwili iliyoachana kama mita 25 amekwisha pata milingoti. Lakini mnazi huyumba, na waya uliokazwa hukatika siku ya upepo. Funga kapi juu ya mnazi mmoja, pitisha kamba, na mwisho wa kamba uning'inize jiwe. Mnazi ukiinama, jiwe hupanda na waya hausumbuki. Asiye na minazi asimamishe mwanzi uliokomaa au bomba, akilishikilia kwa kamba pande tatu au nne, kama mlingoti wa jahazi. Udongo wa delta ni laini, hivyo kitako kikae juu ya ubao mpana au zege. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi. Usikate boriti bila ruhusa.

Sasa nawaomba akina baba na akina mama wasome kwa makini. Mlingoti ukiangukia waya wa umeme, huua anayeushika papo hapo. Kabla hujachimba shimo, tazama juu: waya wa umeme uwe mbali kupita urefu wa mlingoti mara moja na nusu. Watoto wakae mbali wakati wa kuusimamisha, na kazi isifanywe na mtu mmoja. Mawingu ya radi yakianza kukusanyika, chomoa kebo ya eriali uitoe nje ya nyumba, usingoje ngurumo. Mlingoti wa chuma uunganishwe na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini.

Chumvi ya bahari hula shaba, basi maungio yachomelewe kwa risasi na kufungwa vizuri, na kila baada ya miezi michache yakaguliwe. Betri isiwekwe sakafuni. Iinuliwe, kama mkulima wa bondeni anavyojiinulia dungu lake.

Mwisho, redio isiyotumiwa ni pambo. Mwenye kibali apange saa moja kila Jumapili ya kuitana na wenzake, na watu wa nyumbani wakae karibu wasikilize, wajue sauti hizo ni za nani na ziko wapi. Maji yatakapopanda tena, haitakuwa mara yao ya kwanza kuzisikia.