Junia Si Mdogo

Kijana aliyetoka Musoma kwenda kusoma Marekani akipiga simu kusema sasa ni junia, wapo nyumbani wanaosikitika. Miaka miwili imekwisha, karo imelipwa, na bado anaitwa mdogo? Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi, nayo inawaumiza wazazi bure.

Miaka minne ya shahada ya kwanza kule ina majina yake: freshimani, sofomoa, junia, sinia. Mizizi yake iko Cambridge, Uingereza, ambako zamani waliofundwa kujadiliana waliitwa masofista: wadogo, kisha wakubwa. Neno lenyewe likadondoka, sifa zikabaki. Kwa hiyo junia ni mdogo kwa sinia peke yake. Yuko mwaka wa tatu. Hata sofomoa, ambaye Wamarekani wengi humfasiri kuwa “mwerevu mpumbavu”, jina lake lilitokana na mijadala hiyohiyo.

Butiama tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mwalimu Nyerere, mwana wa kwetu hapa, alihitimu Edinburgh mwaka 1952 kwa shahada ya M.A., na wapo wanaoapa kwamba ile ni ya uzamili. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskoti, M.A. ni shahada ya kwanza. Heshima ya Mwalimu haipungui hata chembe. Ni sisi tuliosoma jina la ngazi bila kuitazama ngazi.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi: mwanafunzi wa hapa nchini, mwaka wa tatu, anavaa joho. Ni kweli, shahada zetu nyingi ni za miaka mitatu. Lakini tuhesabu tangu darasa la kwanza. Waliohitimu kwetu kwa mfumo wa 7, 4, 2 na 3 wamesoma miaka 16. Mmarekani husoma 12, kisha 4: vilevile 16.

Hasara ya kweli iko kwingine. Kijana wa Bunda aliyemaliza kidato cha sita ana miaka 13 ya masomo. Akianza ufreshimani, anaongeza mwaka mzima. Cheo kule hupimwa kwa krediti: shahada hudai kama 120, na vyuo vingi humwita junia aliyefikisha 60, awe amekaa muda gani. Vipo vyuo vinavyotoa krediti kwa ufaulu mzuri wa kidato cha sita. Mzazi aulize hilo kwa ofisi ya usajili kabla ya kulipa karo ya mwaka wa kwanza, matokeo ya mtihani yakiwa mkononi.