Kuvuta Si Kazi, Kazi Ni Kusimama

Askari anapovua sare baada ya miaka mingi ya utumishi, hukabidhiwa kiinua mgongo mara moja tu maishani mwake. Fedha hizo zikipotea hazirudi. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika mji mdogo kama Endiinzi, Wilaya ya Isingiro, wazo la kununua lori huwavutia wastaafu na jamaa zao. Mashambani hutoka matoke, mahindi na maharagwe yanayokwenda Mbarara. Kutoka Mbarara hurudi saruji, mabati, chumvi na sabuni. Jirani yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, yenye maelfu ya watu wanaohitaji chakula na vifaa vya kujengea. Mzigo, basi, upo. Linalobaki ni kuchagua gari la kuubeba, na hapo ndipo wengi huteleza.

Na achukuliwe, kwa mfano, sajini mmoja mstaafu aliyerejea Endiinzi kutoka Mbarara akiwa na uso wa furaha. Ameoneshwa lori kuukuu la ekseli tatu pamoja na tela lake, na bei yake inalingana na kiinua mgongo chote.

“Mama watoto,” anasema kabla hata hajakaa, “lori lile linavuta tani 40 bila kulalamika. Nimeliona kwa macho yangu likipanda mlima.”

Mkewe anamtilia chai, kisha anamuuliza kwa upole, “Umeliona likipanda, Baba watoto. Je, umeliona likishuka?”

Swali hilo fupi lina elimu yote ya kuchagua lori na tela. Mlima hupandwa kwa injini, lakini hushukwa kwa breki. Lori lisilo na nguvu za kupanda husimama njiani, na hasara yake ni mafuta na wakati. Lori lisilo na nguvu za kusimama haliwezi kungojwa. Hasara yake ni roho za watu. Hata hivyo, wanunuzi wengi huuliza habari za injini tu, na muuzaji naye hujibu habari za injini tu.

Ukubwa wa kazi ya breki waweza kukadiriwa kwa kipimo cha jikoni. Lori na tela lenye uzito wa tani 30 likishuka mlima wenye kimo cha mita 100, na mwendo ukazuiwa kwa breki peke yake, joto linalozaliwa latosha kuchemsha madumu manne ya maji ya lita 20 kila moja. Joto hilo lote huingia katika ngoma za breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko: dereva hukanyaga mpaka mwisho, lakini gari huendelea kukimbia. Hapo hakuna ustadi wala sala ya haraka inayoweza kurudisha kilichoharibiwa na mzigo uliozidi.

Jambo la kwanza kwa mnunuzi, kwa hiyo, ni kusoma bamba la kiwandani lililopigiliwa kwenye gari. Bamba hilo huonesha uzito wa mwisho wa lori lenyewe pamoja na mzigo wake, na katika malori yaliyotengenezwa kwa kuvuta huonesha pia uzito wa mwisho wa lori, tela na mizigo yote kwa jumla. Uzito huo wa pili ndio wenye neno. Ikiwa bamba linasema tani 34, na muuzaji anajisifu kwamba gari limekuwa likivuta tani 40, basi hakulisifu gari lake, amelishitaki. Ekseli, gea, chesisi na breki zake zimekwisha kuteswa. Ikiwa bamba limeng’olewa, au namba ya chesisi hailingani na ile ya kitabu cha gari, mnunuzi na ageuke na fedha zake mfukoni.

Jambo la pili ni sheria ya mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, huruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 18 kwa ekseli mbili zinazofuatana, na tani 24 kwa ekseli tatu. Gari na tela, hata likiwa refu namna gani, lisizidi tani 56. Kwa hesabu hiyo, lori la ekseli tatu haliruhusiwi kupita tani 26. Likiwa tupu lina uzito wa tani 10, hubaki tani 16 za mzigo, yaani magunia 160 ya kilo 100.

Baadhi ya watu huiona sheria hiyo kuwa mtego wa kuwakamata wafanya biashara. Sivyo. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, madereva wa jeshi waliendesha malori yenye uzito mbalimbali juu ya barabara zilizojengwa kwa ajili ya majaribio, na wahandisi wakapima jinsi zilivyoharibika. Ilibainika kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali huongezeka kwa kasi kubwa mno. Ekseli iliyozidishiwa sehemu moja ya tano ya uzito wake huumiza barabara takriban mara mbili. Ekseli yenye uzito maradufu huiumiza takriban mara 16. Barabara ya Endiinzi inayobeba matoke ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali. Anayezidisha mzigo huvunja njia ya jirani yake.

Jambo la tatu ni kulinganisha gari na kazi. Tela lililoungwa juu ya kichwa cha lori, ambalo matairi yake yako nyuma tu, linafaa kwa safari ndefu za lami, kama ile ya Kampala na Mbarara. Ni rahisi kulirudisha nyuma kuliko tela la mkono, lakini kichwa peke yake hakibebi kitu. Tela la kuvutwa kwa mkono, lenye matairi mbele na nyuma, huachwa penye uwanja mpana wakati lori lenyewe linaingia njia nyembamba za mashambani kukusanya mazao. Lakini kulirudisha nyuma ni kazi ngumu, na dereva asiyelizoea huweza kulikunja likagonga lori lake. Kwa kubeba mashine nzito, kama tingatinga, hutakiwa tela la jukwaa la chini, ili mzigo usikae juu na kulipindua gari kwenye kona. Matoke yaliyorundikwa kupita kimo huleta hatari hiyo hiyo, na anayekaa juu ya rundo huanguka wa kwanza.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa zaidi: tela nalo liwe na breki zake, zinazofanya kazi. Tela lisilo na breki humsukuma mvutaji mgongoni kila anapotaka kusimama. Katika gari lenye breki za upepo, mabomba mawili huenda kwenye tela: la njano ni la kuamuru breki, jekundu ni la kulijaza upepo. Mnunuzi alisimamishe gari mahali tambarare, magurudumu yawekewe vigingi, kisha fundi achomoe bomba jekundu. Breki za tela zijifunge zenyewe papo hapo. Zisipojifunga, siku bomba litakapokatika njiani hakutakuwa na cha kulizuia. Baada ya hapo injini izimwe, watu wanyamaze, masikio yasikilize kama upepo unavuja. Pini na jicho la kuungia vikaguliwe. Chuma kilicholika hakitengenezwi kwa rangi mpya.

Hata gari zuri humhitaji dereva mwenye adabu na leseni inayomruhusu kuvuta tela. Dereva wa namna hiyo huingiza gea ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Hatii gari fri ili kuokoa mafuta, kwa kuwa mafuta anayookoa hayanunui hata bati moja la kufunika jeneza. Kila siku hufungua matangi ya upepo kuondoa maji, na hugusa ngoma za breki kwa tahadhari anapopumzika: iliyo baridi wakati wenzake wana moto haifanyi kazi yake.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hatalala macho akiufikiria mzigo wa mnunuzi. Ni mume na mke watakaolala macho. Kwa hiyo ununuzi wa lori si siri ya bwana na rafiki zake. Mke, ambaye hupanga chakula, karo na dawa, ana haki ya kuona bamba, kusikia maneno ya fundi, na kuuliza kila mwezi lori litarudi na mzigo gani kutoka Mbarara. Lori linalokwenda limejaa na kurudi tupu hula faida ya safari moja katika nyingine.

Yule sajini na mkewe walikwenda Mbarara pamoja, wakiwa na fundi wao wenyewe. Bamba lilisema tani 34. Bomba jekundu lilipochomolewa, tela lilikaa kimya, na gurudumu halikushika.

“Afande,” alisema fundi kwa sauti ya chini, “lori linatengenezeka. Tela hili lisiende barabarani.”

Walilinunua lori peke yake, kwa bei iliyopunguzwa. Fedha zilizobaki zililipia breki mpya, matairi, bima na karo ya muhula mmoja. Magunia 160 yanawatosha kwa sasa. Tela litanunuliwa siku mzigo utakapodai, na siku hiyo litakaguliwa kwanza likishuka.