MHARIRI ASEMA: DIGRII YA UTALII NI YA NANI?



Mwisho wa mwezi huu wajumbe wa matawi yote watakutana kuamua juu ya fedha za Mfuko wetu wa Elimu. Hoja iliyo mbele yao imetoka tawi moja la Pwani, nayo kwa ufupi yasema hivi: fedha za mwaka huu zitumike kuwasomesha watoto kumi wa wanachama katika chuo kikuu, wasomee usimamizi wa utalii, mbuga na burudani. Hoja ni njema, na walioileta ni watu tunaowaheshimu. Lakini sisi katika ukurasa huu hatuiungi mkono kama ilivyo, na yatupasa kuwaeleza sababu kabla hamjainua mikono.

Kwanza tuseme masomo haya ni nini, maana wako wanaodhani kwamba mtu huenda chuo kikuu miaka minne kujifunza kubeba trei. Sivyo. Vyuo Vikuu vya Moi kule Eldoret, Kenyatta, Maasai Mara pale Narok, na Pwani pale Kilifi, vyote hufundisha utalii, na mwanafunzi husoma hesabu za biashara, jinsi bei ya chumba inavyopangwa, sheria, namna safari zinavyouzwa ng'ambo, na jinsi ya kukadiria ni magari na watu wangapi ambao mahali paweza kuwavumilia bila kuharibika. Ni maarifa makubwa. Tena ni maarifa ambayo upande wa pili wa meza unayo, na sisi hatuna. Hapo ndipo shida yetu ilipo.

Mwandishi wa maneno haya alitandika vitanda miaka kumi na tisa katika hoteli moja ya ufukweni. Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa watu watano waliotumwa na wenzao kuzungumza na tajiri juu ya mishahara. Tuliingia na hoja moja tu: hoteli imejaa, shuka zafuliwa usiku na mchana, migongo yatuuma, basi tuongezwe. Tajiri alifungua karatasi zake, akasema mapato yameshuka. Tulimcheka. Mmoja wetu alimwuliza kama wageni wale walikuwa majini au watu. Tulitoka pale tukiwa tumeshiba hasira, mazungumzo yakavunjika, miezi minane ikapita, na mwisho tukapewa nyongeza ya kutia aibu.

Ilichukua muda nikaelewa kwamba siku ile hakuna aliyesema uongo. Chukua hoteli ya vyumba mia. Mwaka wa kwanza vyumba sitini vina wageni, kila kimoja kwa shilingi 8,000: hiyo ni shilingi 480,000 kwa usiku mmoja. Mwaka wa pili meneja amefanya mapatano na kampuni ya safari ya ng'ambo, akashusha bei ili ajaze. Sasa vyumba sabini na tano vina wageni, lakini kila kimoja ni shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 450,000. Hoteli imepoteza shilingi 30,000 kila usiku, na mtandika vitanda ameongezewa vyumba kumi na tano. Tajiri aona hasara, mfanyakazi aona hoteli imejaa, na wote wawili wana macho.

Kama mmoja wetu watano angalijua hesabu hii, ambayo mwanafunzi wa utalii huifahamu mapema kabisa, tusingalikwenda kubishana kama hoteli imejaa au haikujaa. Tungaliuliza: ni nani aliyekubali bei hii, na kwa nini gharama yake ibebwe na mgongo wa mtandika vitanda? Tungalidai kiwango, kwamba mtu mmoja asipewe zaidi ya vyumba kadha kwa zamu, na kila chumba cha ziada kilipiwe. Hilo tajiri asingaliweza kulikataa kwa kutuonyesha karatasi ya hasara. Hatukulidai kwa sababu hatukulijua.

Kwa hiyo hatusemi masomo haya hayana maana. Twasema: mbona tuyapeleke kwa watoto peke yao, huku mama na baba zao waliolipa fedha hizo wabaki nje ya darasa?

Wanachama wazee mtakumbuka jinsi Chuo cha Utalii kilivyoanza pale barabara ya Thika mwaka wa 1975, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Wengi hufikiri kiliendeshwa kwa hisani ya Waswisi na ya serikali peke yake. La. Kiliendeshwa hasa kwa ushuru uliotozwa kwenye mauzo ya hoteli na mikahawa, na hata sasa, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, asilimia mbili huingia katika Mfuko wa Utalii, ambao kazi yake mojawapo ni mafunzo. Kila sahani uliyoibeba na kila shuka uliyoifua imetoa senti zake. Mfanyakazi wa hoteli basi si mwombaji anayebisha hodi katika elimu ya utalii. Amekwisha kulipa kiingilio.

Hata hivyo tazameni mambo yanavyokwenda kazini. Kijana wa digrii huletwa kuwa naibu wa meneja. Weita aliyekaa miaka kumi na tano humwonyesha kila kitu: mgeni gani ana hasira kwa sababu ana njaa tu, jokofu gani haliaminiki, dereva gani wa basi huchelewa. Baada ya miezi sita kijana humwandikia weita yule barua ya onyo. Hatumlaumu kijana. Amefundishwa kwamba ujuzi ni ule ulio na karatasi, na yule weita hana karatasi. Lakini sheria ya nchi hii haisemi hivyo. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, ya mwaka 2014, iliunda mamlaka maalum, na nia mojawapo ni kwamba ujuzi uliopatikana kazini upimwe na kutambuliwa, mtu asianze chini kama kwamba hajapata kuona jiko. Waajiri wangapi wamewaeleza watu wao habari hii? Na sisi viongozi wa chama, tusijifiche, tumewaeleza wangapi?

Kuna jambo la atachimenti pia. Vijana wa vyuo huletwa hotelini miezi mitatu, wengi bila malipo, wengine hata nauli hawapewi. Huu ni utaratibu wa masomo na hatuupingi. Tunalopinga ni pale ambapo mwezi wa Aprili vibarua huambiwa hakuna wageni, nendeni nyumbani, na asubuhi yake wanafunzi wamevaa sare zile zile. Mwanafunzi huyo mara nyingi ni mtoto wa mwanachama wa tawi la jirani. Twagombanishwa na watoto wetu wenyewe, na hakuna mmoja kati yetu anayefaidi.

Mbuga nazo zina somo lao. Katika miaka ya 1960 kule Tsavo ndovu walizidi wakaanza kuangusha miti. Mtaalamu wa utafiti Richard Laws alisema maelfu ya ndovu wapunguzwe kwa bunduki. David Sheldrick, mkuu wa mbuga ya mashariki, ambaye alikuwa ameishi nao miaka mingi, alikataa, akasema maumbile yatajirekebisha. Laws akaondoka. Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971, na ndovu maelfu wakafa njaa. Hata leo wenye elimu hiyo wanashindana nani alikuwa na haki, maana baadaye majani yalirudi na wanyama wengine wakaongezeka. Sisi si watu wa kuamua. Tunaloliona ni kwamba mwenye vitabu na mwenye miguu walikaa pande mbili za mlango. Laiti pangalikuwa na mtu mmoja mwenye vyote viwili! Watu wa namna hiyo hupatikana tu ikiwa aliyetembea porini anaruhusiwa kwenda darasani. Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilichoanzishwa mwaka wa 1963, kimefundisha maofisa wa mbuga kwa njia karibu na hiyo, darasani na porini pamoja, na sifa zake zajulikana.

Neno la tatu katika jina la masomo haya ni burudani, na hili wengi hulipita kama halipo. Burudani ya nani? Ukisikiliza mazungumzo ya hoteli utadhani mapumziko ni kitu kilichoumbwa kwa ajili ya mgeni. Kumbe sikukuu yenye mshahara ni tunda la vyama kama hiki. Mwaka wa 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma viwandani, na sheria ikatoka ya kumpa kila mmoja majuma mawili ya likizo yenye malipo. Kiangazi kile kile watu wengi ambao hawakuwa wamepata kuona bahari walipanda treni kwa tikiti za bei nafuu wakaiona. Hapa kwetu Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila saba, na siku ishirini na moja za likizo kwa mwaka. Mngapi mmezitumia kwenda kuona mnyama au kukaa ufukweni kwa raha, bila kumhudumia mtu?

Wala viwanja vya wananchi havijilindi vyenyewe. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka wa 1969, na mwaka wa 1989 palikuwa na mpango wa kujenga humo jengo la ghorofa sitini. Marehemu Wangari Maathai alipinga, akatukanwa sana, na jengo halikujengwa. Mfanyakazi asiye na uwezo wa kulipa geti la mbuga ana nyasi ile ya kulala Jumapili na watoto wake. Twataka watu waliosomea kulinda nyasi za namna hiyo, na twataka wengine wao watoke katika nyumba ambazo hazina ua.

Tumesikia majibu ya wenzetu wa Pwani, na si majibu mepesi. Mama mmoja, mtandika vitanda, alituambia: "Nimeinama miaka ishirini ili binti yangu asiiname. Leo mwataka kunipa mimi kiti chake?" Neno hilo lilitunyamazisha. Hatutaki kumnyang'anya binti yake kiti. Lakini tulimwuliza mama huyo kama yeye angependa kusoma, akacheka, akaangalia upande, kisha akasema kwamba zamani alitaka hesabu. Hajatimiza miaka hamsini.

Wengine wasema mwanachama akisoma atafanywa meneja, atatoka chamani, na fedha zetu zitakuwa zimemnunulia tajiri mtumishi. Hilo hutokea. Tumewaona waliopanda ngazi wakaivuta juu nyuma yao. Hata hivyo, meneja aliyepata kuinama hawezi kudanganywa juu ya chumba kimoja huchukua dakika ngapi, na hilo peke yake lina faida yake kwetu.

Tena tusiwadanganye watoto. Kazi hii huanguka ghafla. Wazee wa Pwani wakumbuka Likoni Agosti 1997, Kikambala Novemba 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na Machi 2020 ndege za wageni ziliposimamishwa kwa ajili ya korona na hoteli nyingi zikafungwa. Digrii haikumzuia mtu kurudishwa nyumbani. Mzazi anayemtuma mtoto kusomea utalii na ajue anamtuma katika kazi yenye mawimbi, ampeleke kwa macho mawili.

Kwa hiyo Halmashauri ya gazeti hili itapeleka marekebisho kwa wajumbe. Nafasi kumi zigawanywe: tano ziende kwa watoto kama hoja inavyosema, na tano kwa wanachama wenyewe waliofanya kazi miaka mitano au zaidi, wasome wakati wa jioni au miezi ile mibovu ya mvua ambapo hoteli haziwahitaji. Kila atakayelipiwa, mtoto au mzazi, aahidi kukaa na wajumbe wetu walau katika mazungumzo mawili ya mishahara, awasomee karatasi za tajiri. Na katika mapatano yajayo chama kidai likizo ya masomo, kipimo cha ujuzi wa kazini kwa gharama ya mwajiri, na kwamba mwanafunzi wa atachimenti asiwekwe mahali pa kibarua aliyesimamishwa.

Matawi yanayoafiki na yale yanayopinga, yote yaandike. Barua zifike ofisini kabla ya tarehe 20, zikiwa na muhuri wa tawi na majina ya wajumbe wawili. Zile za kupinga tutazichapa kwanza.