Makopo ya Protini na Maharage Yetu

Malori yapitayo Ipogolo kuelekea Dar es Salaam hushusha mahindi, maharage na viazi vya nyanda zetu hizi. Nasi tunaletewa makopo ya unga wa protini, ambayo vijana wanaonyanyua vyuma huyanunua kwa fedha nyingi wakiahidiwa uzito na misuli.

Hatumlaumu kijana atakaye mwili wenye nguvu. Kwa mtu abebaye magunia kutwa, nguvu si anasa. Swali letu ni moja: kopo hilo lina nini ambacho sufuria ya nyumbani kwao haina?

Kipimo kimoja cha unga huo hutoa protini ya gramu 20 hadi 25 hivi. Kiasi hicho kimo katika gramu 100 za maharage makavu. Uchambuzi wa kitaalamu wa mwaka 2018, uliojumlisha majaribio mengi, ulionyesha kwamba kwa wafanyao mazoezi hayo, protini inayozidi takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku haiongezi misuli zaidi. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 96. Ugali wa unga gramu 400, maharage makavu gramu 200, mayai mawili na bilauri ya maziwa humfikisha hapo. Akiongeza usipa mkavu wa Ziwa Nyasa, huvuka. Mahindi peke yake yana upungufu ambao maharage huujaza, na wazee wetu waliopika kande hawakukosea. Asiyekula akashiba hatanenepa, hata alambe kopo zima.

Tena yako ya kutisha. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipopima bidhaa 634 za lishe ya nyongeza zilizokusanywa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, karibu 15 katika kila 100 zilikutwa na homoni ambazo lebo hazikuzitaja.

Lakini linalotuuma zaidi haliko kwenye vyumba vya vyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa 30. Huu ndio mkoa unaowalisha wengine! Wala si kwamba hatujui la kufanya: mpango wa lishe ulioanza hapa mwaka 1983, ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulipima uzito wa watoto kijiji kwa kijiji, na utapiamlo mkali ukapungua.

Mtoto aliyekonda mno, anayepewa hospitalini maziwa maalumu na siagi ya karanga iliyoongezwa virutubisho, ndiye mwenye haki ya kwanza ya lishe ya nyongeza. Kwa wengine wetu, tunaziomba halmashauri ziwaite na akina baba siku za kupima watoto, kwa maana wao ndio wapatanao bei na wenye malori. Kabla ya gunia la mwisho kupakiwa, debe moja la maharage libaki nyumbani.