Tairi la bei ya chini laweza kumeza faida yote

Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi Namanga, Busia na Rusumo, mfanyabiashara husimama mara moja badala ya mbili. Muda huo unaookolewa hupotea wote pale Hiace iliyosheheni nyanya inapopasukiwa tairi njiani.

Kwa gari kuukuu, swali la kwanza si jipya au mtumba, bali limetengenezwa lini. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Kwa hiyo mtumba wenye kashata nzuri unaweza kuwa umechoka, na "jipya" la dukani likawa limelala miaka.

Pili ni uzito. Tairi la 195R15C lenye namba 106 hubeba kilo 950. La gari dogo, 195/65R15 lenye namba 91, hubeba 615 tu. Yote huingia ringi ya inchi 15, na hapo ndipo wengi huuziwa lisilofaa.

Tatu, kashata zikilingana na vinundu vya milimita 1.6 vilivyo ndani ya mifereji, tairi limekwisha. Kagua pia nyufa, uvimbe na viraka vya ubavuni.

Fedha zikitosha mawili mapya tu, yafungwe nyuma, na upepo upimwe kabla ya kupakia. Unapolinganisha bei, weka upande wa pili thamani ya mzigo utakaoozea barabarani.